Kuokota fuwele za kalsaiti bila kuzivunja: mwongozo kwa mkazi wa Nairobi

Kipande cha kwanza kizuri cha kalsaiti nilichowahi kukipata kilifika Nairobi kikiwa kimepungukiwa ncha tatu. Nilikitoa kwenye kifusi cha timbo moja la marumaru huko Kajiado, nikakifunga kwa fulana, nikakitia kwenye mkoba, kisha nikakubali mkoba uwekwe kwenye buti ya matatu, pembeni ya mtungi wa gesi. Niliposhuka mjini nikafungua fulana pale pale kando ya barabara. Kwanza niliona unga mweupe unaometameta. Ncha zangu zilikuwa ndani ya unga ule. Fuwele, yaani jiwe lililojikuza lenyewe kwa nyuso bapa na ncha, ilikuwa imekaa salama mwambani tangu kabla ya binadamu, nami nikaiharibu kwa safari ya saa mbili.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja: kuiona fuwele nzuri ya kalsaiti si kazi kubwa, kazi ni kuifikisha nyumbani ikiwa nzima. Karibu kila hatua ninayoieleza hapa inarudi kwenye jambo hilo.

Lijue jiwe kabla ya kulifuata

Kalsaiti ni kabonati ya kalsiamu, kitu kilekile kilichomo kwenye jiwe la chokaa, marumaru, ganda la yai na gamba la konokono. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kalsaiti ni 3. Ukucha hauikwaruzi; msumari wa seremala unaikwaruza bila jasho. Kwatzi, ambayo wengi huichanganya nayo kwa kuwa zote huwa nyeupe au angavu, ni 7: inakwaruza kioo cha dirisha, na msumari hauifanyi kitu.

Ulaini huo unavumilika. Kinachoumiza ni mipasuko. Kalsaiti ina pande tatu za kupasukia, na ukiigonga haivunjiki ovyo kama chupa. Pigo hukimbia ndani ya jiwe likifuata pande hizo, na unachobaki nacho ni vipande vyenye umbo la kibweta cha kiberiti kilichosukumwa upande kikalala: pembe za nyuso zake ni kama digrii 105 na 75, kila mara, hata ukiisaga hadi chembe ya mchanga. Ndiyo maana pigo ulilolielekeza kwenye mwamba, sentimita 20 kutoka kwenye fuwele, linaweza kuacha ufa katikati ya fuwele ambayo nyundo haikuigusa.

Kuhakikisha ni kalsaiti, dondoshea tone la siki kwenye kipande kibovu cha jiwe hilohilo, kamwe si kwenye fuwele unayoitaka. Kwaruza kwanza upate unga kidogo, kwa sababu siki ni dhaifu na juu ya unga inafanya kazi haraka. Povu likitoka, umekaribia jibu. Nasema umekaribia kwa sababu sisi wa huku tuna jirani wa kutuchanganya: magadi. Yale magadi tunayotia kwenye maharagwe nayo hutoa povu kwa siki. Tofauti yake ni maji. Tia chembe ndani ya kikombe cha maji usiku. Magadi yatayeyuka, kalsaiti utaikuta asubuhi kama ulivyoiacha. Jasi haitoi povu, na ukucha unaikwaruza. Yale mawe meupe mepesi ya upande wa Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, ni daitomaiti, mabaki ya mimea midogo mno ya ziwa la kale, nayo haitoi povu.

Ukibahatika kupata kipande angavu kabisa, kiweke juu ya gazeti. Utaona kila herufi mara mbili. Kizungushe taratibu kikiwa papo hapo juu ya neno: herufi moja inatulia, nyingine inaizunguka. Mdenmaki Rasmus Bartholin aliandika juu ya jambo hili mwaka 1669 akitumia kalsaiti kutoka Iceland, na mwaka 1828 William Nicol wa Uskoti alitumia jiwe hilohilo kutengeneza kifaa cha kuchuja mwanga ambacho baadaye kiliingia kwenye hadubini za wanajiolojia. Sijawahi kumwonyesha mtoto jaribio hili akakosa kuniomba jiwe.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wanaoanza wengi hupotea. Kile kipande angavu chenye umbo la kiberiti kilicholala mara nyingi si fuwele iliyokua hivyo. Ni kibanzi kilichopasuka kutoka kwenye jiwe kubwa. Kinapendeza, kinafaa kufundishia, lakini mkusanyaji hakihesabu kuwa fuwele nzuri. Uso uliokua wenyewe una alama za kukua: mistari myembamba, vilima vidogo vya pembetatu, vishimo vya kuliwa na maji, wakati mwingine ukungu. Uso uliopasuka unang'aa kama kioo na una ngazi ngazi, kama ukurasa uliochanwa ukaacha tabaka. Zoeza jicho lako kwa lenzi ya mkono ya kukuza mara 10. Chukua jioni mbili tatu na vipande vya bure, geuza chini ya taa, hadi uweze kutofautisha bila kufikiri.

Maumbo ya kukua ni mamia. Mawili utayakutia mapema: lile refu lenye ncha kali, ambalo wakusanyaji huliita jino la mbwa, na lile fupi lenye kichwa bapa mithili ya kichwa cha msumari. Yapo pia mapacha, fuwele mbili zilizoungana kwa kanuni, upande mmoja ukiwa kama taswira ya mwingine kwenye kioo. Ukipata pacha mzima, keti chini kwanza, upumzike, kabla hujamgusa.

Mahali pa kwenda, na mahali pa kuacha

Nairobi yenyewe imekaa juu ya lava na majivu ya volkeno yaliyogeuka mwamba. Mawe ya kijivu tunayojengea nyumba ni majivu hayo yaliyoshikamana, na usitegemee kupata mengi humo. Katika lava za zamani, viputo vya gesi vilivyobaki wazi hujazwa baadaye na madini, kalsaiti ikiwemo, lakini humo huwa ni fuwele ndogo za kutazamwa kwa lenzi. Kama unapenda vitu vidogo, hiyo ni bahati yako. Wengi hawainami kuzitazama.

Athi River kuna chokaa inayolisha viwanda vya saruji. Ni chokaa ya juu juu, iliyojikusanya ardhini, ya udongo udongo. Nilipoteza Jumamosi nzima huko. Usifuate mkumbo wa neno chokaa, fuata uwazi.

Uwazi ndio siri. Fuwele inahitaji nafasi ya kukua. Ndani ya marumaru ya Kajiado, ambayo ni chokaa ya kale sana iliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi, kalsaiti imejaa tele, lakini chembe zimebanana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni, hakuna hata moja iliyopata nafasi ya kunyoosha uso wake. Fuwele unazozitaka ziko mahali ambapo mwamba ulipasuka na maji yakapita baadaye: kwenye nyufa, vimfuko, na kando ya mishipa myeupe inayokata jiwe. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni udongo laini mwekundu au wa kahawia uliojaa ndani ya ufa. Maji yaliyoleta udongo huo yalipata njia, na palipo na njia kuna uwezekano wa chumba.

Mapango yaache. Mawe yanayoning'inia pangoni ni kalsaiti pia, lakini hukua polepole mno, na ukilivunja moja umewaibia watu ambao bado hawajazaliwa. Hifadhi za wanyama nazo usiguse hata kokoto. Na ukiwa barabara ya Magadi, jiwe lolote lililochongwa na mkono wa binadamu wa kale, au mfupa uliogeuka jiwe, uliache palepale ulipo. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya 2006 inavilinda. Piga picha, chukua vipimo vya mahali kwenye simu, wajulishe watu wa Makavazi ya Taifa.

Ruhusa

Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inaweka madini yote katika ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 ndiyo inayosimamia uchimbaji, biashara na usafirishaji. Kwa maneno ya kawaida: mwenye shamba hamiliki madini yaliyo chini ya shamba lake, na wewe humiliki njia ya kuingia shambani kwake. Unahitaji kukubaliana na pande zote mbili, serikali na mwenye shamba. Kabla hujanunua hata nyundo, pita Madini House, ofisi za serikali za madini kule Industrial Area, eleza unachotaka kufanya, uulize ni kibali gani kinakuhusu. Kuuza na kupeleka nje ya nchi kuna vibali vyake, hata kama ni kisanduku kimoja kwa rafiki.

Kwenye timbo linalofanya kazi, mtafute msimamizi, si kibarua. Omba kuokota kwenye kifusi tu, na uje siku ambayo hakuna baruti. Kama kuna ulipuaji siku hiyo, rudi nyumbani. Ukiona waya au kitu usichokifahamu kwenye kifusi, usikiguse, muite msimamizi.

Kwenye ardhi ya watu, salamu hutangulia. Mara moja nilifika penye boma nikamkuta mzee amekaa kivulini.

“Sopa, mzee.”

“Epa. Wewe unatafuta dhahabu?”

“Hapana, mzee wangu. Natafuta mawe haya meupe yenye ncha, ya kuweka nyumbani. Hayana bei ya dhahabu.”

Hakuniamini. Nilimpa lenzi yangu na kibanzi cha kalsaiti kutoka mfukoni, nikamwonyesha namna ya kuisogeza lenzi karibu na jicho. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita mjukuu wake, akasema naye kwa Kimaa, na kijana akanipeleka hadi kwenye korongo ambalo nisingeliona peke yangu hata kwa mwaka mzima. Tangu hapo siendi mahali bila kibanzi cha kuonyesha. Watu hawakatai jiwe. Wanaogopa kufichwa kitu.

Vifaa

Nyundo ya kilo moja na nyingine ndogo ya gramu mia tatu hivi. Tindo mbili bapa na moja ya ncha, ambazo fundi wa jua kali atakunolea. Mtaimbo mfupi. Miwani ya kinga, na hapa sina mjadala, kwa sababu vibanzi vya kalsaiti vinaruka vikiwa na makali. Kofia ngumu, glavu, viatu vya kufunika vidole. Vijiti vya mishikaki kwa ajili ya kuchokoa udongo. Mti haukwaruzi kalsaiti, chuma kinakwaruza. Brashi laini ya rangi. Maji ya kunywa kuliko unavyodhani yatatosha. Karatasi za choo roli tatu, magazeti, trei za mayai, sanduku gumu. Daftari na kalamu.

Ongeza tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, ile wenye maduka wanayokagulia noti bandia. Baadhi ya kalsaiti huwaka chini ya mwanga huo, nyekundu au ya waridi pale penye manganizi kidogo, nyeupe au manjano kwa sababu nyingine. Nyingine haziwaki kabisa, na kutowaka si ushahidi kuwa jiwe si kalsaiti.

Kuitoa mwambani

Umeuona ufa wenye udongo. Usipige kitu. Weka nyundo chini, mbali na mkono wako, ili usiifikie kwa pupa.

Kwanza tazama juu. Kifusi na kuta za timbo huporomoka, hasa baada ya mvua, na hakuna fuwele inayostahili mtu kuingiza kichwa chini ya jiwe lililolegea. Ukiridhika, piga picha ya ufa ulivyo kabla hujaubadilisha.

Kisha toa udongo kwa kijiti, kidogo kidogo, ukianzia mdomoni mwa ufa. Udongo huo umezilea fuwele, umezishika zisigongane, na mara nyingi fuwele zilizo nzima kuliko zote hazishiki ukutani tena: zilidondoka zamani zikalala ndani ya udongo. Kwa hiyo kila unachokitoa kipitishe kati ya vidole. Mimi hupeleka udongo wote nyumbani kwenye ndoo ya lita 20 nikauosha polepole kwenye chekecheke. Vipande vyangu viwili bora vimetoka kwenye ndoo, si ukutani.

Ukifika kwenye fuwele zilizoshika mwamba, jiulize swali moja: jiwe linataka kuachia wapi? Tafuta nyufa za asili nyuma na chini ya fuwele. Lengo ni kutoa mwamba pamoja na fuwele zikiwa juu yake, kwa maana kipande chenye jiwe mama kinaeleza kilikotoka na kinapendeza zaidi kuliko fuwele iliyokatwa shingo. Kabla ya kupiga, jaza uwazi kwa karatasi ya choo iliyoloweshwa kidogo, uishindilie kwa upole kati ya fuwele na fuwele hadi zisiweze kutikisika. Karatasi hiyo hupunguza mtetemo na hukamata kitakachodondoka.

Sasa tindo. Iweke mbali kadiri ufa unavyoruhusu, ielekeze upande usio na fuwele, na upige mapigo mengi madogo badala ya moja kubwa. Sikiliza. Jiwe zima hulia kwa sauti kali ya juu; likianza kuachia sauti hushuka, inakuwa nzito na butu. Ukisikia mabadiliko hayo, simama, ingiza mtaimbo au tindo bapa, usukume taratibu, mkono mwingine ukiwa umeshikilia kipande kwa chini. Nimewahi kukaa na ufa mmoja kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane, na nikaondoka na kipande kinachotosha kiganjani. Siku nyingine niliondoka bila kitu, kwa sababu fuwele ilikuwa ndani ya marumaru isiyo na ufa popote na ningeipata vipande vipande tu. Niliifunika kwa udongo wake nikairudisha gizani. Jambo hili la kuacha ndilo gumu kuliko yote kumfundisha mtu, na ndilo linalomtofautisha mkusanyaji na mvunja kokoto.

Ikikuvunjikia ncha, iokote, uifunge kwenye karatasi yake peke yake, uandike imetoka kwenye kipande gani. Gundi safi inaweza kuirudisha. Utakapomwonyesha au kumpa mtu, mwambie imeungwa.

Jambo la joto: kalsaiti ikipata joto hutanuka upande mmoja na kusinyaa kidogo upande wa pili, kwa hiyo mabadiliko ya ghafla huipasua kutoka ndani. Usiitoe kwenye ufa wenye ubaridi ukaianika juani. Usiiache kwenye gari lililofungwa Kajiado saa saba mchana. Na usiimwagie maji baridi ikiwa ya moto.

Kufunga na kusafiri

Karatasi ya choo kwanza, tabaka nyingi, hadi ncha zote zipotee na kipande kiwe kama yai. Halafu gazeti. Fuwele ndogo ndogo zikae kila moja kwenye tundu lake la trei ya mayai, na trei nyingine juu, zikafungwa kwa kamba. Vipande vikubwa viingie sandukuni vikiwa vimebanwa pande zote: ukitikisa sanduku na ukasikia chochote, fungua upange upya.

Ndani ya matatu, sanduku linakaa mapajani. Haliendi buti wala kwenye keria, hata kondakta akisema vipi. Ikibidi lilipie kiti.

Kusafisha, au zaidi kutosafisha

Fuwele nyingi za kalsaiti zinazoharibika huharibikia nyumbani, kwenye beseni. Rafiki yangu mmoja alipata kundi la meno ya mbwa yenye rangi ya asali, na juu yake kulikuwa na doa la kutu. Alisoma mahali kuwa siki huondoa uchafu. Akalaza kundi zima kwenye siki usiku kucha. Asubuhi kutu ilikuwa bado ipo, ila nyuso zilikuwa zimekuwa butu kama sabuni iliyotumika, na zile kingo nyembamba zimeliwa. Siki haisafishi kalsaiti, inaila. Limau hali kadhalika, na dawa za kusugua vyoo zenye asidi ndiyo usizisogeze kabisa. Asidi ya oksaliki, ambayo wakusanyaji wa kwatzi huipenda kwa kutu, huacha utando mweupe juu ya kalsaiti.

Fanya hivi. Acha kipande kikauke siku kadhaa, udongo mwingi utaachia wenyewe. Kiloweke kwenye maji yenye joto la chumba na matone machache ya sabuni ya vyombo. Badilisha maji kila siku kwa juma moja. Tumia mswaki laini wa mtoto na kijiti cha mti, ukisukuma kuelekea chini ya fuwele, kamwe si kutoka ubavuni kuelekea nchani. Mchanga uliobaki kwenye mswaki una kwatzi ndani yake, kwa hiyo usuuze mswaki kila mara, la sivyo unapiga msasa.

Kwa ukungu wa kijani na mizizi, dawa ya kung'arisha nguo kama Jik, iliyozimuliwa kwa maji mengi, hufanya kazi bila kuila kalsaiti. Iache saa chache, kisha suuza siku nzima. Usiichanganye hata kidogo na siki au asidi yoyote. Hewa inayotoka hapo ni sumu ya mapafu.

Suuza ya mwisho nafanya kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya petroli kwa ajili ya betri za magari, ili yasiache madoa ya chumvi. Soma chupa mara mbili: kwenye rafu hilohilo huwekwa asidi ya betri, na chupa hufanana.

Doa la kutu lililobaki liache. Ni sehemu ya historia ya ufa ule.

Lebo

Fanya siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Andika ni jiwe gani, mahali kamili hadi vipimo vya simu, tarehe, nani alikuruhusu, ulilikuta ukutani, kwenye udongo au kwenye kifusi. Weka tone dogo la rangi nyeupe ya kufutia makosa sehemu ya chini ya mwamba, si kwenye fuwele, uandike namba inayolingana na daftari. Fuwele nzuri isiyojulikana ilikotoka imepoteza nusu ya thamani yake kwa mkusanyaji na karibu yote kwa mwanajiolojia. Ukikwama kutambua kitu, wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi wako Chiromo. Mtu mwenye lebo kamili mkononi hupokewa tofauti na mwenye jiwe tu.

Kununua na kubadilishana

Kalsaiti bora za dunia hutazizoa Kajiado. Zile za asali za mgodi wa Elmwood, Tennessee, mapacha wa Egremont kaskazini mwa Uingereza, za Tsumeb nchini Namibia, za Dalnegorsk nchini Urusi, na za waridi za Kolwezi nchini Kongo, ambazo rangi yake hutokana na kobalti: hizi utazipata kwa kununua au kubadilishana. Mimi ningeanza na za Kolwezi, maana ni za bara letu na rangi yake haina mfano.

Kabla hujalipa, kagua ncha zote kwa lenzi. Ncha nyeupe ya unga imegongwa. Jiwe lenye uso laini wa nta kila mahali, bila kingo kali hata moja, limechovywa kwenye asidi ili ling'ae. Rangi iliyojikusanya ndani ya nyufa imepakwa. Washa ile tochi ya noti ukitazama palipoungana fuwele na mwamba. Gundi nyingi huwaka rangi ya maziwa yenye ubuluu. Uliza lebo. Muuzaji asiyejua jiwe limetoka wapi, mpe bei ya pambo.

Mahali pa kuziweka

Vumbi la Nairobi lina chembe ngumu kuliko kalsaiti, kwa hiyo kila ukipangusa kwa kitambaa unakwaruza. Tumia kabati la kioo linalofungika, na vumbi likiingia lipulize kwa pampu ndogo ya mpira au lipunge kwa brashi laini ya vipodozi. Shika kipande kwa chini siku zote, pande za mwamba.

Kabati jipya la mbao zilizogandishwa kwa gundi lisitumike mara moja. Mbao na gundi hutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo, ndani ya kabati lililofungwa, huishambulia kalsaiti polepole. Rafu za kioo na chuma ni salama zaidi. Kama huna budi kutumia mbao, liache kabati wazi miezi kadhaa kwanza, kisha kila baada ya miezi mitatu toa kipande kimoja, kigeuze chini ya taa, utazame kwenye kingo kama kuna unga mweupe ambao haukuwepo. Ukiuona, toa vyote siku hiyohiyo.